Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: lahajedwali za kuaminika na kweri zisizofuja umeme

Ukurasa huu ni wa makarani wa AMCOS, wahasibu wa SACCOS, maofisa wa halmashauri na wanafunzi wa kompyuta walioko Dodoma, Singida na maeneo ya jirani. Maswali yametoka kwenye darasa la jioni ambako watu hawa hukutana na faili zao. Majibu mengine ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe ni refu, mengine yanaisha kwa sentensi mbili.

Kwa nini lahajedwali na kanzidata zimewekwa kwenye ukurasa mmoja?

Kwa sababu kazini zinafuatana. Faili la Excel, yaani lahajedwali, linaanza na wakulima wa alizeti wa kijiji kimoja. Msimu wa pili linaongezewa pembejeo na mikopo, wa tatu linagawanywa kwa watu watatu, kila mmoja na nakala yake kwenye flashi. Mwishowe bosi anaagiza data zihamie kwenye kanzidata, yaani mfumo mmoja wa kutunza data ambao watu wengi huutumia kwa pamoja. Hapo tatizo linabadilika sura. Jana mlikuwa mnabishana kama jumla ni sahihi, leo mnalalamika kwamba ripoti inachukua dakika kumi na seva inaunguruma.

Hata watafiti wamepita njia hiyohiyo. Katika Chuo Kikuu cha Minho, Ureno, kundi la João Saraiva na wenzake lilitumia miaka mingi kutafuta namna ya kuzifanya lahajedwali ziaminike, kisha likageukia kupima nishati inayotumiwa na programu, kweri za kanzidata zikiwemo. Kweri ni agizo tunaloipa kanzidata ili itutolee taarifa, mfano "nipe wakulima wote wa Kongwa ambao hawajalipwa".

Lahajedwali ni programu kweli? Mimi si mwandishi wa programu, ni karani.

Ndiyo, ni programu, na wewe ndiye uliyeiandika. Ukiandika fomula inayosema "uzito mara bei, toa makato", umeiagiza kompyuta la kufanya, sawasawa na anayeandika kwa lugha ya programu kama Java. VisiCalc, lahajedwali ya Dan Bricklin na Bob Frankston, ilipotoka mwaka 1979, ilipendwa kwa sababu hiyo: mtu wa hesabu aliweza kujiundia chombo bila kumsubiri fundi.

Uhuru huo una upande wa pili. Programu ya mhandisi hupitiwa na mwenzake, hujaribiwa, na kila badiliko huwekewa kumbukumbu. Ya karani hutumwa kwa WhatsApp saa tano usiku ikiwa na jina "malipo mwisho kabisa 2 sahihi". Kwa maoni yangu, karani hapungukiwi akili wala mafunzo ya Excel. Anachokosa ni mtu wa pili wa kuitazama kazi yake kabla fedha hazijatoka.

Makosa ni mengi kiasi gani?

Ni mengi kuliko watu wanavyokubali. Raymond Panko wa Chuo Kikuu cha Hawaii alikusanya matokeo ya ukaguzi na majaribio mengi, akaona kwamba watu wanaojaza lahajedwali hukosea kwenye asilimia 1 hadi 5 ya seli hivi, hata wakiwa makini. Asilimia 1 inasikika kama kitu kidogo. Hebu piga hesabu: ukiwa na fomula 300 zilizoandikwa moja moja, na kila moja ina nafasi ya asilimia 99 ya kuwa sahihi, uwezekano wa zote 300 kuwa sahihi ni kama 5 kati ya 100. Maana yake faili la kawaida la ofisi lina kosa mahali fulani, na kilichobaki kujua ni kama kosa hilo ni la shilingi mia au la milioni.

Kampuni ya Enron ya Marekani ilipofilisika, barua pepe zake ziliwekwa hadharani pamoja na lahajedwali zilizoambatishwa. Mwaka 2015 Felienne Hermans na Emerson Murphy-Hill walizichambua zaidi ya 15,000. Karibu robo ya zile zenye fomula zilikuwa na angalau seli moja inayoonyesha alama ya hitilafu, kama ile ya kugawanya kwa sifuri. Na hayo ni makosa yanayojitangaza yenyewe. Yale yanayotoa namba nzuri isiyo ya kweli hayamo kwenye hesabu hiyo.

Kuna madhara makubwa yaliyowahi kutokea, au tunatishana?

Yapo. Oktoba 2020, taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikuta visa karibu 16,000 vya Uviko havikuingia kwenye taarifa. Matokeo ya maabara yalikuwa yanapakiwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka. Waliokuwa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa.

Mfano wa pili unagusa sera. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa andiko lililoonyesha kwamba nchi zenye deni la taifa linalozidi asilimia 90 ya pato zilikuwa na wastani wa ukuaji wa uchumi wa asilimia -0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani walilishika kama hoja ya kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliomba faili lenyewe, akaona fomula ya wastani imeishia mapema na kuacha nchi tano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, waliporudia hesabu walipata asilimia 2.2. Tuwe wa haki hapa: fomula iliyokatika ilichangia sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo, nyingi ilitokana na data zilizoachwa na namna nchi zilivyopewa uzito. Lakini hayo yote yalionekana baada ya mtu mwingine kulifungua faili.

Jumla ya Excel hailingani na ya kalkuleta yangu. Nani muongo?

Hili ndilo swali namba moja darasani, na mara nyingi jibu liko kwenye alama yetu ya shilingi. Ukiandika 45,000/= ndani ya seli, Excel haioni namba, inaona maandishi. Fomula ya SUM ikipita juu ya maandishi inayaruka kimyakimya, bila onyo. Kwa hiyo ukiwa na malipo 20, na 3 kati yake yameandikwa kwa /=, jumla itakuwa ya yale 17 tu. Vilevile "450kg" au "12 gunia".

Dalili unaweza kuiona kwa macho: namba hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi upande wa kushoto, ila kama mtu ameshapanga kila kitu katikati ili kipendeze. (Ombi: acheni kupanga namba katikati.) Kwa kuhakikisha, tumia COUNT na COUNTA kwenye safu ileile. Ya kwanza huhesabu namba tu, ya pili huhesabu kila seli isiyo tupu. Zikitofautiana, kuna kitu kimejificha. Andika namba tupu, kisha neno "shilingi" au "kilo" liweke kwenye kichwa cha safu.

Msababishi wa pili ni mistari iliyoongezwa chini ya eneo la fomula. SUM yako inaishia mstari wa 50, mkulima mpya yuko wa 51. Ukiigeuza orodha kuwa jedwali rasmi, kwa Ctrl na T, fomula inayolitaja jedwali hilo itarefuka pamoja nalo. Sioni sababu ya karani yeyote kutolitumia.

Wa tatu ni VLOOKUP, fomula inayotafuta taarifa ya mtu kwenye orodha nyingine. Ukiacha sehemu yake ya mwisho wazi, Excel hudhani orodha imepangwa kwa mfuatano na hutafuta kinachokaribiana. Mkulima ambaye namba yake haimo atapewa bei ya mtu mwingine, na hakuna kitakachokuwa chekundu. Andika FALSE mwishoni, kila mara.

Namba za NIDA zinaishia na sifuri nyingi. Faili limeharibika?

Faili ni zima, ila namba zimekwisha kuharibika. Excel hutunza tarakimu 15 za namba, na zinazozidi huzigeuza sifuri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, hivyo ukiibandika bila vistari, tarakimu tano za mwisho zinapotea, na hazirudi hata ukibadilisha mwonekano wa seli baadaye. Wanachama wawili waliozaliwa siku moja sehemu moja wanaweza kuishia na namba ileile, na ofisi ikaanza kumtafuta mwanachama hewa ambaye hayupo.

Dawa ni kuipa safu nzima umbo la maandishi kabla ya kubandika chochote. Fanya hivyohivyo kwa namba za simu, maana sifuri ya mwanzo ya 07 huliwa, na kwa namba za malipo za serikali ambazo ndani ya seli ya kawaida hugeuka kuwa kitu chenye E na alama ya kujumlisha. Kanuni yetu ni rahisi: namba ambayo huwezi kuijumlisha wala kuitafutia wastani si namba, ni jina.

Msijione peke yenu. Excel imekuwa ikigeuza majina ya jeni za binadamu, kama MARCH1 na SEPT2, kuwa tarehe. Utafiti wa mwaka 2016 katika jarida la Genome Biology ulikuta kama moja ya tano ya makala zilizoambatisha orodha za jeni kwa Excel zina kosa hilo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ikaamua kuyabadilisha, MARCH1 ikawa MARCHF1. Sayansi imeisogelea Excel kuliko Excel ilivyoisogelea sayansi.

Na tarehe?

Angalia mpangilio wa nchi kwenye kompyuta yako. Ukiwa wa Marekani, 04/03/2024 unayoisoma tarehe 4 Machi itasomwa 3 Aprili, na 25/03/2024 itabaki maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Safu moja inabeba makosa ya aina mbili. Andika 2024-03-04 yaishe.

Nikifunga seli kwa nywila nimemaliza?

Hapana. Nywila huzuia kidole kisifute fomula nzuri. Fomula mbaya nayo inalindwa vilevile.

Watafiti wamependekeza nini cha maana?

Njia ni kadhaa, na hazilingani kwa faida. Margaret Burnett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walijenga mfumo unaobadilisha rangi ya mipaka ya seli kadiri mtumiaji anavyothibitisha majibu, ili aone kipi kimejaribiwa na kipi bado. Felienne Hermans, akiwa Delft, Uholanzi, alichukua dhana ya "harufu" kutoka uhandisi wa programu, yaani dalili kwamba mahali fulani panaelekea kuharibika: fomula ndefu mno, fomula inayovuta data kutoka karatasi tano tofauti, namba iliyopachikwa ndani ya fomula. Hii ya mwisho tunaijua vizuri. Mtu anaandika makato ya 0.03 ndani ya seli mia mbili, mkutano mkuu unabadilisha makato, karani anarekebisha seli mia na tisini.

Gregor Engels na Martin Erwig walipendekeza mwaka 2005 kwamba kwanza uchore muundo wa lahajedwali, kisha mashine ikutengenezee faili lisiloweza kukiuka muundo huo. Kundi la Minho liliendeleza wazo hilo. Ni wazo zuri, nalikubali kichwani. Kwenye ofisi ya mazao pale Kibaigwa siku ya mnada sijui nani atachora muundo kwanza.

Ninachokipa uzito ni kile kisichohitaji programu mpya. Panko aliwapa watu lahajedwali yenye makosa aliyoyapanda mwenyewe. Aliyekagua peke yake alipata kama asilimia 63 ya makosa. Watu watatu walipokagua kila mmoja kivyake kisha wakakaa pamoja, walipata kama 83. Jambo hilo linawezekana kwenye chama chochote chenye mwenyekiti, mhasibu na mjumbe mmoja wa bodi. Gawaneni faili, kila mtu akague kivyake, kisha mlinganishe. Aliyeliandika asiwe mmoja wa watatu.

Lini nihame kwenda kwenye kanzidata?

Watu zaidi ya mmoja wakishaanza kuandika kwenye faili kwa wakati mmoja, au jina la mkulima mmoja likiwa limeandikwa kwenye faili tatu kwa namna tatu. Kikomo cha mistari 1,048,576 cha Excel ya sasa hakiwahusu wengi wenu. Mtashindwa kwa vurugu kabla hamjashindwa kwa wingi.

Kweri inakulaje umeme?

Kila kweri inaifanyisha kazi prosesa, kumbukumbu na diski. Nishati ni nguvu mara muda: wati moja kwa sekunde moja ni jouli moja. Uniti moja unayonunua kwa LUKU ni jouli 3,600,000.

Chukua jedwali la malipo lenye mistari milioni moja. Ukiuliza malipo ya mwanachama mmoja na hakuna faharasa kwenye namba ya uanachama, kanzidata itasoma mistari yote milioni moja. Ukiweka faharasa, itashuka ngazi chache tu. Rudolf Bayer na Edward McCreight walibuni muundo huo wa faharasa yenye ngazi mwanzoni mwa miaka ya 1970: kila kituo kikielekeza kwenye vituo mia, ngazi tatu zinatosha kufikia mistari milioni. Ni kama kutumia faharasa ya mwisho wa kitabu badala ya kukisoma kitabu kizima ukitafuta jina moja.

Ufujaji mwingine ni wa mazoea. Agizo la SELECT likifuatiwa na nyota, yaani "leta safu zote", huleta safu arobaini wakati skrini inaonyesha tatu. Programu iliyoandikwa vibaya hutuma kweri moja kwa kila mkulima, elfu mbili kwa ukurasa mmoja, wakati kweri moja ingeunganisha majedwali na kuwaleta wote. Na kuna dashibodi, yaani ukurasa wa muhtasari, inayojisasisha kila baada ya sekunde tano kwenye runinga ya mapokezi ambayo hakuna anayeitazama. Hiyo anza kuizima leo.

Kweri ya haraka ndiyo yenye nishati ndogo?

Kwa kawaida ndiyo. Mwaka 2010 Dimitris Tsirogiannis, Stavros Harizopoulos na Mehul Shah walipima seva ya kanzidata, wakaona kwamba mpangilio uliotumia nishati kwa ufanisi zaidi ulikuwa karibu kila mara uleule wenye kasi zaidi. Sababu mojawapo ni kwamba seva hula umeme hata ikikaa tu. Luiz Barroso na Urs Hölzle walieleza mwaka 2007 kuwa seva isiyo na kazi inaweza kutumia kama nusu ya umeme inaoutumia ikiwa imeelemewa. Ikiwahi kumaliza, inawahi kupumzika.

Lakini "kwa kawaida" hiyo ina mipaka. Willis Lang na Jignesh Patel walionyesha mwaka 2009 kwamba ukikubali kuchelewa kidogo, kwa kupunguza kasi ya prosesa au kuzikusanya kweri zinazofanana ziendeshwe pamoja, unaokoa nishati. Ripoti za usiku zinafaa sana kwa mtindo huo. Na kundi la Minho na wenzao, walipolinganisha lugha 27 za programu mwaka 2017, waliona kasi na nishati havifuatani siku zote. Katika vipimo vyao Python ilitumia nishati takriban mara 76 ya C. Msikimbilie kuitupa Python, maana kwenye kazi za kanzidata sehemu kubwa ya kazi inafanywa na kanzidata yenyewe, na PostgreSQL, mojawapo ya programu za kanzidata, imeandikwa kwa C.

Nitapimaje bila maabara?

Anza na EXPLAIN ANALYZE kwenye PostgreSQL. Itakuonyesha njia iliyofuatwa, muda, na mistari iliyosomwa ikatupwa. Ukiona imesoma milioni moja ili ikupe tatu, umeshampata mwizi.

Kwa nishati yenyewe, prosesa za Intel tangu mwaka 2011 zina kihesabu cha ndani kiitwacho RAPL, ambacho kwenye Linux husomwa kwa programu ya perf. Hiki kinahesabu prosesa, na kwenye baadhi ya mashine kumbukumbu pia. Diski na skrini hakivioni. Mita ya LUKU haitakusaidia, inapima nyumba nzima, friji na pasi zikiwemo. Rudia kipimo mara nyingi na utupe ile ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza data zinatoka kwenye diski na baadaye zinatoka kwenye kumbukumbu.

Kuna faida kweli kwa ofisi ya Dodoma?

Tupige hesabu bila kupamba. Kompyuta inayokula wati 60 ikiendesha ripoti kwa dakika 10 imetumia jouli 36,000, yaani sehemu moja kati ya mia ya uniti. Ripoti hiyo ikiendeshwa mara 50 kwa siku ni nusu uniti. Tena kama kompyuta ingekula wati 40 hata bila kazi, ulichookoa kwa kuifupisha ni zile wati 20 za ziada, isipokuwa ikishamaliza inazimwa au kulala. Kwa bili ya ofisi moja, hakuna cha kusherehekea.

Picha inabadilika umeme ukikatika. Ofisi ya kijiji inayoendeshwa kwa sola na betri moja, au inayomalizia malipo ya msimu kwa jenereta, inahesabu dakika. Hapo ripoti ya sekunde mbili badala ya dakika kumi ndiyo inayoamua kama wakulima watalipwa jioni hiyo. Na kwa mifumo ya serikali ambayo wizara zote pale Mtumba na halmashauri za nchi nzima huigonga kwa wakati mmoja, kweri moja mbaya hurudiwa mara nyingi mno, na kila joto inalolizalisha linahitaji kiyoyozi cha kuliondoa.

Mimi ni mwanafunzi wa UDOM. Nifanye utafiti gani?

Kuna pengo lililo wazi. Mkusanyiko wa lahajedwali ambao watafiti huutumia sana, ule wa Enron, ni wa kampuni ya nishati ya Marekani iliyokufa. Alama ya /=, namba ya tarakimu 20, vichwa vya safu vilivyochanganya Kiswahili na Kiingereza, haya hayamo humo. Kusanya lahajedwali za vyama vya ushirika vya Dodoma na Singida, uone harufu zipi zinajirudia. Ni kazi ya kutembea na kuomba kwa adabu, na makatibu wengine watakukatalia.

Kabla ya kunakili faili lolote, pata kibali cha chuo na cha chama chenyewe, ondoa majina, simu na namba za NIDA, halafu fungua karatasi zilizofichwa uone kama hazijabaki nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata wewe mwanafunzi.